Picha Isiyokubali Kupita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ishara za Kiwewe katika Riwaya za Picha

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi, walimu, wasomaji wapya wa riwaya za picha, na watu ambao mzazi wao aliwahi kunusurika jambo ambalo nyumbani halizungumzwi. Yanaanza na ya msingi. Magumu yako mwishoni.

## Mambo ya kuanzia

Riwaya ya picha ni nini, na inatofautianaje na katuni za magazetini?

Ni hadithi ndefu inayosimuliwa kwa michoro na maneno kwa pamoja na kuchapishwa kama kitabu kizima. Katuni ya gazetini humalizika kwa fremu tatu au nne. Riwaya ya picha mara nyingi ina kurasa mia na zaidi, na urefu huo unamruhusu mchoraji kupanda picha moja mwanzoni, kuificha, kisha kuiotesha tena mahali usipoitarajia. Neno "riwaya" lisikupoteze: vitabu vingi vinavyotajwa hapa si vya kubuni, ni kumbukumbu za maisha ya watu halisi.

Kuna maneno matatu utakayokutana nayo mara nyingi. Fremu ni kisanduku kimoja chenye mchoro. Mwanya ni nafasi iliyo kati ya fremu moja na nyingine. Kiputo ni kile kiduara kinachobeba maneno ya mhusika.

Kiwewe kinachojirudia kikoje? Si ni huzuni tu ya muda mrefu?

Hapana. Mtu mwenye huzuni anajua kwamba alichokipoteza kimeshapita, na ndicho kinachomliza. Mwenye kiwewe anaweza kuwa ameketi sebuleni miaka thelathini baadaye, mlango ukabamizwa, na mwili wake ukarudi palepale: moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, harufu ya siku ile inajaa puani. Akili inajua ni mlango, lakini mwili haujaambiwa.

Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu katika mwongozo wake rasmi wa maradhi, na waliochangia sana kufikia hatua hiyo ni askari waliorejea kutoka vita vya Vietnam. Dalili zake kuu ni kumbukumbu zinazovamia bila kuitwa, jinamizi, kukwepa chochote kinachokumbusha tukio, na mwili kukaa macho kana kwamba hatari bado iko mlangoni. Ishika hiyo ya kwanza na ile ya kukwepa. Ishara nyingi zinazozungumziwa hapa chini zimezaliwa kutokana na mvutano kati ya kuvamiwa na kukwepa.

Kwa nini wachore? Maandishi hayatoshi?

Yapo maandishi makubwa sana ya manusura, na hakuna haja ya kuyashindanisha na michoro. Ila kumbukumbu ya kiwewe mara nyingi huja vipande vipande: kiatu, sauti, rangi ya mbingu, bila kitenzi wala mpangilio wa sentensi. Mchoro unaweza kukipokea kipande kama kilivyo.

Sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi, ni ukurasa wenyewe. Filamu hupita mbele yako, lakini ukurasa umetulia. Fremu ya mwaka 1944 na fremu ya leo zinakaa kwenye karatasi moja, na jicho linaziona zote mbili hata kabla hujasoma neno. Manusura anaishi hivyohivyo, nyakati zote zikiwa mbele yake kwa mara moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu umo katika *Maus* ya Art Spiegelman, iliyotoka katika majuzuu mawili, 1986 na 1991. Baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, anasimulia habari za wasichana wanne walionyongwa kambini. Wakati huo yuko ndani ya gari Marekani, mwanawe akiendesha, wakikatiza msitu katika milima ya Catskill. Hakuna fremu inayoturudisha Poland. Miguu ya wasichana wale inaning'inia kwenye miti ya Marekani, na gari linapita kando yake. Mwandishi wa nathari angelazimika kuandika "kana kwamba" au "alihisi". Mchoraji ameiweka miguu ile pale, basi.

## Ishara inavyofanya kazi

Nitajuaje kwamba kitu fulani ni ishara na si pambo?

Hesabu kimetokea mara ngapi, kisha utazame kilivyobadilika. Kitu kikitokea mara moja kinaweza kuwa samani tu. Kikirudi mara ya tatu katika hali usiyoitegemea, kuna mtu amekirudisha kwa makusudi. Hata hivyo hesabu peke yake haitoshi. Uliza: safari hii kimekuja mikononi mwa nani? Kimekuwa kikubwa au kidogo? Kimetokea kabla ya nini?

Chukua jua katika *Hadashi no Gen* ya Keiji Nakazawa, iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1973. Nakazawa alikuwa na umri wa miaka sita bomu lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa shule ulimkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake waliangamia. Katika kitabu, jua linarudi tena na tena, mara nyingi likiwa peke yake ndani ya fremu, bila mtu wala maneno. Kabla ya bomu, unalipita bila kujali. Baada ya bomu, kila duara jeupe angani linakutisha, na hapo unagundua kwamba msomaji naye amefundishwa kushtuka. Mchoraji hakuieleza hofu hiyo, ameipanda ndani yako.

Kitabu hichohicho kina ngano. Mwanzoni kabisa baba anawaambia wanawe wawe kama ngano, ambayo hukanyagwa ikiwa changa na bado hunyooka na kuzaa. Jua huja bila kuitwa, na ngano huitwa kwa makusudi na mtoto anapohitaji nguvu. Ishara hizi mbili zisisomwe kwa namna moja.

Fremu nyeusi tupu ina maana gani? Mchoraji alichoka?

Swali hili huulizwa sana, na nalipenda kwa sababu anayeuliza huwa ameguswa na kitu asichoweza kukitaja.

Katika *Persepolis* ya Marjane Satrapi, iliyochapishwa Ufaransa kati ya 2000 na 2003, msichana anarudi mtaani kwao Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraki na kukuta kombora limeangukia nyumba ya jirani. Anaona bangili ya rafiki yake kwenye kifusi, na bangili bado imeshikamana na kitu. Anajifunika macho. Fremu inayofuata ni nyeusi yote. Weusi ule unatuweka nyuma ya viganja vyake. Kile alichokiona hatukionyeshwi, na kwa kuwa hatukionyeshwi, hatuwezi kukimaliza na kufunua ukurasa kwa amani.

Keum Suk Gendry-Kim anautumia weusi kwa sababu nyingine katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu Lee Ok-sun, Mkorea aliyechukuliwa akiwa kijana na kufanywa mtumwa wa ngono wa jeshi la Japani huko China. Inapofika saa ya kubakwa, giza linazimeza fremu. Hapa weusi unamlinda aliyetendwa: mwili wake hauchorwi ili mtu mwingine autazame. Na hapohapo unasema ukweli kuhusu kumbukumbu, kwamba yako mambo ambayo akili iliyafunga mlango yakiwa bado yanatendeka.

Mwanya kati ya fremu una kazi gani katika kiwewe?

Katika hadithi yoyote ya picha, msomaji ndiye anayejaza kilichotokea kati ya fremu mbili. Unaona mkono umeinua shoka, kisha unaona mji kwa mbali na kilio. Pigo umelipiga wewe kichwani mwako. Kwenye hadithi za manusura jambo hili ni zito, kwa kuwa kumbukumbu zao zenyewe zina mapengo. Mchoraji mwangalifu huacha pengo libaki pengo. Ukijikuta huelewi mhusika alitokaje kituoni hadi kambini, usidhani umeruka ukurasa. Huenda hata yeye hajui.

Mtindo wa kuchora ukibadilika ghafla katikati ya kitabu, nifanye nini?

Simama. Mkono uliobadilika una habari.

Ndani ya *Maus* mna kurasa chache zilizochorwa mwaka 1972, miaka mingi kabla ya kitabu, kuhusu mama wa mchoraji aliyejiua mwaka 1968. Wahusika pale si panya tena, kama Wayahudi wanavyochorwa kwingineko kitabuni, bali ni watu, nyuso zimepinda, mistari ni mikali kama iliyokwanguliwa kwa kisu, na mtoto amevaa nguo ya mistari ya mfungwa ingawa yeye hakuwahi kufungwa kambini. Mchoraji hakuzisahihisha ili zifanane na kitabu kipya. Aliziacha kama jeraha lililopona vibaya, mahali ambapo ngozi haifanani na ngozi ya pembeni.

Rangi nayo hufanya kazi hiyo. Miriam Katin, aliyetoroka na mama yake utotoni wakati wa uvamizi wa Wanazi nchini Hungaria, amechora utoro huo kwa penseli na maisha ya baadaye kwa rangi. Thi Bui, katika kumbukumbu za familia yake iliyokimbia Vietnam, ametandaza rangi moja ya kutu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa Katin unajua umevuka mpaka. Kwa Bui mpaka huo haupo: jikoni Marekani na mashua baharini vina kutu ileile.

Kiputo kisicho na maneno?

Katika *Becoming Unbecoming* (2015), mchoraji anayetumia jina Una amejichora akibeba kiputo kitupu mgongoni kama mtu aliyebeba gunia. Maneno hayajaandikwa ila uzito upo. Yeyote aliyewahi kunyamazishwa baada ya kudhulumiwa ataielewa picha hiyo bila maelezo yangu.

## Wanyama na barakoa

Kwa nini Wayahudi wachorwe panya? Je, si dharau?

Ingekuwa dharau kama kitabu kingekubaliana nayo. Propaganda ya Wanazi iliwaita Wayahudi wadudu na panya, na Spiegelman alilichukua tusi hilo na kulisukuma hadi likavunjika. Wajerumani ni paka, Wapolandi nguruwe, Wamarekani mbwa. Kadiri hadithi inavyosonga, mpango huo unaanza kufumuka: Wayahudi wanaojificha wanavaa barakoa za nguruwe, na kamba za barakoa zinaonekana kisogoni.

Katika juzuu ya pili mchoraji anajichora mezani kwake, binadamu aliyevaa barakoa ya panya, kitabu chake kikiwa kimefanikiwa, na chini ya meza kuna rundo la maiti. Maiti zile hazikuwepo chumbani, nasi tunajua hivyo. Lakini kila kalamu anayoiinua, anaiinua akiwa juu yao. Katika vitabu vyote nilivyovitaja, hiyo ndiyo fremu ninayoirudia zaidi, kwa sababu inakataa kutuambia kwamba kusimulia kumemaliza jambo.

Pamoja na hayo, wako wasomaji, Wapolandi hasa, walioumizwa na taswira ya nguruwe, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Ishara inayowakusanya watu kwa kabila ina hatari hata mikononi mwa mtu mwenye nia njema.

Na anayegeuka mbwa katika hadithi ya Rwanda?

Huyo ni Deogratias, kijana wa kitabu chenye jina hilo cha Jean-Philippe Stassen (2000), kinachohusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Anazurura kwa matambara, anatafuta urwagwa, pombe ya ndizi, ili usiku usimfikie, na usiku ukimfikia mwili wake unainama, uso unarefuka, anakuwa mbwa. Mbwa si mnyama aliyeokotwa tu. Katika miezi ile mbwa walikula maiti zilizoachwa wazi, na askari waliwapiga risasi kwa sababu hiyo.

Ugumu wake ni kwamba Deogratias hakuwa mwathirika tu. Alihusika. Kinachomrudia usiku ni alichokiona na alichokitenda, na mchoro haututenganishii vitu hivyo viwili. Wasomaji wengi huuliza kama ni haki kumpa mhusika wa aina hiyo kiwewe. Mimi naona kitabu hakimpi huruma ya bure, kinaonyesha tu kwamba mwili wa mtenda nao hukumbuka. Aliyefiwa ana haki kamili ya kukataa kukisoma.

## Kumbukumbu za kurithi

Mtoto wa manusura hakuwepo. Kwa nini naye anachora jinamizi?

Kwa sababu alilelewa ndani ya ukimya wake. Mtaalamu wa fasihi Marianne Hirsch, akiandika kuhusu *Maus* mwanzoni mwa miaka ya 1990, alilipa jina jambo hili: kumbukumbu ya baadaye, yaani ya wale waliozaliwa baada ya tukio lakini wakakua na picha zake zikiwa na nguvu kama za kwao wenyewe.

Alama yake katika michoro ni kuchanganyika kwa watu. Nguo ya mfungwa kwa mtoto asiyefungwa, niliyoitaja katika swali la mtindo unaobadilika, ni mojawapo. Nyingine iko mwisho wa *Maus*. Vladek, mzee na mgonjwa, anamwambia mwanawe kwamba amechoka kusimulia, na anamwita Richieu. Richieu ni mtoto wake wa kwanza, aliyekufa wakati wa vita kabla Art hajazaliwa. Mzee hatambui kwamba amekosea jina.

Je, mchoraji aliyenusurika huwa ameamua mapema kuisimulia?

Mara nyingi amekwepa kwanza. Nakazawa alihamia Tokyo na kuishi akilikwepa suala la bomu, kwa kuwa manusura wa Hiroshima walibaguliwa. Mwaka 1966 mama yake alifariki, na alipochomwa, mifupa ambayo familia hukusanya haikubakia ila majivu na vipande vidogo. Hapo ndipo hasira ilipomshika. Ukijua hilo, jua lake unalisoma upya: ni kitu alichokigeuzia mgongo kwa zaidi ya miaka ishirini.

## Maswali magumu

Kuchora kunaponya?

Kunaweza kusaidia, na baadhi ya watabibu hutumia uchoraji pamoja na tiba nyingine. Lakini usikisome kitabu ukitafuta ushahidi wa kupona. Miaka mingi baada ya *Maus*, Spiegelman alishuhudia kwa karibu mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 mjini New York, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2004 mifupa ya mnara inayong'aa kabla haujaporomoka inarudi ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa mtu mwenye ujuzi mkubwa wa kuchora kiwewe. Ujuzi huo haukumkinga na kipya.

Michoro mizuri haipambi mateso?

Hatari ipo. Kipimo changu ni hiki: uzuri unakufanya ukae na mtu, au unakufanya umsahau ukisifu wino? Miti na nyasi za Gendry-Kim ni nzuri mno, na zimewekwa mahali ambapo mwanamke yule hana pa kupumulia. Zinampa yeye nafasi. Damu iliyochorwa kwa madoido, ya kumsisimua msomaji, siwezi kuitetea.

Mimi mwenyewe ni manusura. Nivisome?

Hakuna anayekudai. Ukitaka kujaribu, faida moja ya kitabu juu ya filamu ni kwamba mwendo ni wako: unaweza kupitisha macho haraka ujue kilichomo, ukaruka, ukafunga. Mwombe mtu unayemwamini akitangulie na akwambie kurasa za kuangalia. Mwili ukianza kukurudisha kule, kifunge na uongee na mtu, na hali ikiendelea muone mtaalamu wa afya ya akili.

Vinafaa kwa watoto wa shule?

Kwa vijana wakubwa, pamoja na mwalimu aliyekwisha kusoma, ndiyo. Januari 2022 bodi ya shule ya kaunti ya McMinn, Tennessee, iliiondoa *Maus* kwenye masomo kwa sababu ya maneno machafu na mchoro wa utupu. Mimi naona walikosea.

Nataka kuchora habari za mama yangu. Nianzie wapi?

Anza na ruhusa yake, na umwonyeshe michoro kabla haijawa kitabu. Usimtafutie ishara. Msikilize anaposimulia na uandike vitu anavyovirudia bila kujua: sufuria, mlio wa gari, rangi ya gauni. Ishara yako ni hiyo, na ameshaichagua yeye. Kama hataki jambo fulani lichorwe, rudi kwenye swali la fremu nyeusi.

Kwa hiyo kila picha inayojirudia nitafute maana iliyofichika?

Hapana, na naomba uwe mwangalifu hapa. Katika *Hadashi no Gen* wanarudi watu wanaotembea wamenyoosha mikono mbele, ngozi ikining'inia kwenye vidole. Nimewahi kusikia ikielezwa kuwa ni ishara ya roho zinazoomba. Manusura wengi wa Hiroshima wameeleza mwendo uleule: ngozi ilikuwa imeungua na kuchubuka, na mikono ikishuka maumivu yalizidi, kwa hiyo waliishika mbali na mwili. Nakazawa aliwaona akiwa na miaka sita, na amewachora walivyokuwa wakitembea.